Sauti Isiyosogeza Mshale

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, saa nane mchana, nikiwa na miwani usoni na akili zangu zote kichwani. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa miaka yote niliyofundisha fizikia, sikumruhusu mwanafunzi kuniletea habari ya "watu wanasema". Watu gani? Walipima nini? Basi usiniamini kwa ajili ya mvi zangu. Sikiliza, kisha upime.

Dada yangu Wangari ndiye aliyekuwa akishika sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa Skuta. Mwaka jana daktari aliona uvimbe kooni mwake, akapanga upasuaji siku ya Jumanne, na akatuambia bila kutuzungusha kwamba huenda sauti isirudi. Zilikuwa zimebaki siku tano. Nilitaka kuirekodi sauti ile kabla haijapotea.

Nilijaribu kwa simu kwanza. Wangari alijisikiliza, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mimi ama ni kuku amefunikwa na sufuria?" Alisema kweli. Hakutaka kuimba peke yake, alitaka wenzake saba wamzunguke, na katika simu wenzake walimmeza. Kinasa sauti cha kanda nilikuwa nacho tangu zamani. Kilichokosekana ni mikisa, ile mashine inayopokea maikrofoni nyingi na kukuwezesha kupandisha sauti moja na kushusha nyingine. Nikasikia kwamba mjane mmoja wa Kiriaini anauza ya marehemu mumewe. Alinisifia mashine hiyo kwa simu. Nikamwambia sinunui sifa, nakuja kuiona.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, na manyunyu yalinilowesha viatu hadi soksi. Mama Njeri, ndilo jina nitakalomwita mjane huyo, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu, umekuja kununua ama kusahihisha?"

"Nitasahihisha kwanza," nikamjibu.

Alinipeleka katika chumba kilicho nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa akirekodi kwaya humo. Sakafu ilikuwa ya saruji, na kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Mikisa ilikuwa mezani, kubwa, ya chuma kitupu, yenye vidirisha viwili vya mishale inayoonyesha nguvu ya sauti, na kando yake maikrofoni iliyounganishwa nayo. Mama Njeri alichomeka plagi, taa zikawaka. "Ngoja nilete chai," akasema. "Hapa kwangu mtu haongei bei na tumbo tupu." Akatoka.

Nilikohoa. Mishale miwili ikaruka pamoja, safi kabisa. Niamini, moyo wangu uliruka pamoja nayo. Nikanyoosha mkono kuichukua maikrofoni.

"Mwalimu, usishike hiyo maiki."

Mtu mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, wa makamo, mwenye koti la kaki na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Nilidhani ni fundi wa hapo nyumbani aliyekuwa ameinama nisimwone. Mkono wangu ulirudi wenyewe, kama wa mtoto aliyekemewa.

"Kuna nini?"

"Iko na shoti. Na wewe umesimama na maji kwa viatu."

Kisha yeye mwenyewe akaichukua, kwa kiganja chote, bila woga. Nikapaza sauti kumkataza. Akatabasamu. "Mimi haiwezi kunifanya kitu saa hii." Akaisogeza mdomoni na kuendelea kunieleza kuhusu mashine ile.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijapata kulieleza kwa kanuni yoyote. Nilipouliza swali nikiwa hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, mishale iliruka. Alipojibu, midomo ikikaribia kugusa maikrofoni, mishale ililala. Haikutikisika hata kidogo. Nilimsikia waziwazi kwa masikio yangu, lakini mashine haikumsikia. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri kama fundi.

"Hii mashine ina hitilafu," nikasema, mishale ikaruka.

"Iko sawa," akasema, mishale ikalala. "Shida iko kwa plagi. Weka testa uone."

Katika mfuko wa koti langu hakukosi testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kinachowaka kikigusa umeme. Nikaigusisha kwenye chuma cha mikisa. Kitaa kikawaka. Nilizima swichi ukutani, nikachomoa plagi, nikaifungua. Ule waya wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotoka ili usipite mwilini mwa mtu, ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma.

"Nani amefanya ujinga huu?"

"Ni mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyekosea mbele ya darasa. "Ilikuwa inanguruma, na kwaya ilikuwa inangoja. Nikikata hiyo waya, inanyamaza. Nikasema nitairudisha jioni."

Wanaorekodi muziki wanaijua njia hiyo ya mkato, nao hupeana kama siri ya kazi. Nikainama kuuchunguza waya zaidi. "Irudishe," akasema juu ya kichwa changu. "Halafu ununue. Na uambie mama asante kwa chai." Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na Mama Njeri alikuwa akiingia nao, sinia mkononi. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji. Zote zilikuwa zangu.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikamweleza nilichokiona, koti, kalamu, maneno. Aliweka sinia chini polepole, akaketi.

"Mwalimu, huyo ni mume wangu. Alianguka hapo. Ameshika hiyo maiki. Alikuwa amemaliza chai yangu saa hiyo hiyo. Watu wa kwao wakasema nilimwekea kitu. Hata leo hawanywi chai hapa."

Nilimwonyesha waya. Aliushika kati ya vidole viwili, akalia kwa muda mrefu, na sikumharakisha.

Je, nilinunua? Nilikaa na swali hilo hadi chai ikapoa. Chombo kilichoua mtu, nikakiweke mbele ya kinywa cha dada yangu? Lakini kosa nilikuwa nimelishika mkononi, na kosa linalojulikana hurekebishwa. Nilimlipa mjane bei aliyoitaja. Fundi wa Nyeri alirudisha waya na kubadilisha nyaya za ndani zilizochubuka. Nikapima mara tatu. Jumapili, baada ya ibada, Wangari aliimba nyimbo sita katikati ya wenzake, na sauti yake ikasimama wazi kama alivyotaka.

Sasa anaongea kwa kunong'ona tu. Jioni huketi na kanda zake na kunikemea kwa kidole nikipiga kelele. Mama Njeri naye aliniita, nikasimama mbele ya shemeji zake na plagi ile, nikawafundisha somo la umeme kana kwamba ni wanafunzi wangu. Sikutaja niliyemwona. Waya ulitosha. Mkubwa wao aliomba kikombe cha chai, akanywa.

Ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru mtu yule, ambaye hata asubuhi ya leo nimemwombea. Nawe unayenunua mashine iliyotumika, fungua plagi yake kabla hujaigusa. La pili nalisema kwa unyenyekevu. Maisha yangu yote nimeuliza kwanza, "Nani amesema?" Ukisikia "usishike", rudisha mkono. Uliza baadaye.