Upande wa Pili wa Gazeti

Wiki ile tuliyokuwa tukingoja kumzika kaka yangu, niliogopa gazeti kuliko nilivyowaogopa majambazi waliomuua.

Kaka alikuwa utingo wa lori. Majambazi walimvamia yeye na dereva kwenye barabara ya Mombasa, wakamuua, wakaenda zao na mzigo. Mwandishi mmoja wa gazeti akaenda polisi kuuliza, na huko akaokota jambo ambalo sisi nyumbani tulikuwa tumelificha tangu miaka ya sabini: kwamba kaka aliwahi kufungwa kwa kuvunja duka, akiwa kijana. Kichwa cha habari kikatoka kwa herufi kubwa, ALIYEKUWA MFUNGWA AUAWA. Nilikisoma nimesimama sokoni Mbumbuni.

Mama hakujua. Wakati ule tulimwambia kijana amepata kazi Mombasa, na kwa kweli alikuwa Mombasa, ila hatukusema ndani ya ukuta gani. Sasa mama alikuwa mtu wa presha, na alikuwa mama wa kanisa, yule ambaye majirani humletea watoto watundu awaonye. Nilikuwa na hakika kwamba habari hii ikimfikia kabla ya mazishi, tutachimba makaburi mawili.

Hakujua kusoma, lakini hilo halikunisaidia kitu. Kwetu gazeti moja lilisomwa na soko zima. Aliyelinunua alisoma kwa sauti dukani, wengine wakasikiliza, kisha likapita mkono hadi mkono mpaka siku lilipofungiwa nyama. Nikanunua nakala zilizobaki, nikazichoma jikoni, halafu nikakaa nikishtuka kila geti lilipolia. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekuja kututwangia mahindi ya muthokoi. Kila aliyeinama kumpa mama pole, nilisogea karibu nisikie anamwambia nini. Nilimchukia yule mwandishi ambaye sikuwahi kumwona. Aliandika ukweli, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nisingeweza hata kumwita mwongo.

Kesho yake alasiri mama aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekalia kigoda, na mapajani alikuwa na gazeti lenye doa la mafuta.

"Hii gazeti imeletwa na mwenye bucha," alisema. "Anasema hawezi kufungia watu nyama na jina ya mtoto wangu. Nisomee."

"Mwaitu," nilisema, kama tunavyomwita mama kwetu, "ni mambo ya polisi tu."

"Nisomee. Na usiruke kitu."

Nikasoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Kuhusu lori na wauaji kulikuwa na mistari miwili; yaliyobaki yote yalikuwa duka lililovunjwa, mahakama na kifungo. Kila baada ya sentensi nilikitazama kifua cha mama nione kama bado kinapanda na kushuka.

"Kwa hivyo hiyo ndio ilikuwa Mombasa?" aliuliza.

"Ndiyo, mwaitu."

Nikajua sasa anaanguka, nikanyoosha mikono nimdake.

"Geuza," akasema.

"Nigeuze nini?"

"Karatasi. Hapo umesoma mambo ya ujana wake. Na ile kisima alichimbia kanisa kule mtoni? Na watoto wake? Soma upande ile ingine."

Kwetu mtu akifa, jamaa huandika historia ya marehemu isomwe mbele ya waombolezaji, tangu alipozaliwa hadi alipolala, na mara nyingi hujaza karatasi pande zote mbili. Mama alidhani watu wa magazeti nao hufanya vivyo hivyo. Nikageuza. Kulikuwa na tangazo la sabuni, mwanamke anaanika shuka huku anacheka.

"Hakuna kitu, mwaitu. Ni sabuni."

"Sabuni?"

Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu tuletewe habari za kifo. Hakulia kwa sababu ya jela. Alilia kwa sababu ya sabuni, nami nilimshika mabega nikilia naye, bado nikiogopa moyo wake.

"Ya kwetu utaandika wewe," alisema alipotulia. "Na hiyo ya jela usiache. Weka mahali yake."

"Watu watasema, mwaitu. Pasta je?"

"Si wamesoma tayari? Wewe andika."

Siku ya mazishi nilisimama kando ya jeneza na karatasi yangu, pasta nyuma yangu, wazee wa kanisa mstari wa mbele. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma shule. Nikafika kwenye ile sentensi, na sijawahi kuogopa maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu kama nilivyoyaogopa yale. Nikayasoma. Mama alikuwa ameketi wima, ananitazama mdomo, akingoja.

Nikageuza karatasi, nikaanza kusoma habari za kisima.