Kamba za Katani kwenye Kayaki ya Mkwe Wangu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, maana sitarudia. Shule niliiacha mapema nikashika jembe, kwa hiyo msitafute maneno mazuri humu. Naandika kwa sababu kila nikisimulia kwa mdomo watu wananipoza: "Bibi, ni mipango ya Mungu." Mungu hakufunga zile kamba. Nilizifunga mimi.

Mume wa binti yangu anavua bwawani Mindu. Miaka yote alikuwa anaazima mtumbwi wa watu, mpaka alipopata kayaki. Kambi moja ya watalii ilikuwa inafungwa, inauza vitu vyake, naye akainunua. Ni chombo cha plastiki, chembamba, rangi ya machungwa. Mtu anakaa juu yake miguu kainyoosha mbele, anapiga kasia huku na huku. Kilipoletwa nyumbani juu ya guta la mizigo, jirani alichungulia uani kwetu.

"Mama, mkweo kanunua ndala ya jitu?"

"Hii ya kulia," nikamjibu. "Ya kushoto utaleta wewe."

Shida ya kayaki ile haina tumbo. Samaki, nyavu, chupa ya maji, vyote vinataka pa kukaa. Mkwe akatafuta kreti mbili za soda, akakata vigawanyo vya ndani kwa kisu cha moto. Moja akaiweka mbele ya miguu, nyingine nyuma ya mgongo. Kuzifungia akaleta mipira, ile yenye kulabu ya kufungia mizigo kwenye bodaboda.

Nikatoka jikoni. Mimi nimeshusha nyanya kutoka mlimani tangu usichana wangu. Kwenye njia zile za Uluguru, kamba ya tenga ikilegea, nyanya zinatangulia bondeni kabla yako. Kwa hiyo tunafunga kwa katani, tunakaza kwa goti, kisha fundo tunalimwagia maji lishike. Kwangu mzigo uliofungwa vizuri ni ule ambao ukitaka kuutua unaita mtu wa kukusaidia.

Sasa mjue kwamba mimi na mkwe hatukuwa watu wa kusemeshana ovyo. Hali chakula nami, hanitazami usoni, neno lake linapita kwa mkewe hata tukiwa uani sote watatu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyotaka.

"Mwambie mumeo mpira ni wa manati," nikasema.

"Amesikia, mama."

"Mwambie kreti itacheza, itamwaga samaki."

Mkwe akainamisha kichwa, akamnong'oneza mkewe.

"Anasema majini mzigo unatakiwa utoke haraka, mama."

"Utoke uende wapi? Mwambie nilikuwa nafunga mizigo mama yake hajaposwa."

Nikafunga mwenyewe, goti juu ya kreti, navuta mpaka plastiki inalia. Midomo ya kreti nikaifunika kwa wavu, nao nikaukaza, nikaacha upenyo mdogo tu wa kusukumia samaki ndani. Halafu nikamwaga maji kwenye mafundo. Mkwe alikuwa kashika chombo kisiyumbe. "Ahsante, mama," akasema, macho chini. Nikarudi jikoni nimefurahi.

Kesho yake akaenda bwawani, na mchana upepo mkali ulishuka kutoka mlimani. Binti akapigiwa simu kwamba kayaki imepinduka. Tukapanda bajaji mpaka bwawani.

Tulimkuta amekaa ukingoni, kajifunika kanga ya mtu, anatapika maji. Wavuvi wenye mtumbwi wa mbao walikuwa wamemwokoa, na kayaki wakaivuta vilevile ilivyo, chini juu. Walipoigeuza nchi kavu, kreti zote mbili zilikuwa palepale.

"Duh! Nani kafunga hizi?" mmoja akauliza, anaitikisa moja. "Hata perege mmoja hajatoroka!"

"Mimi," nikasema. Mbele ya mtu aliyenusurika kufa nikasema mimi, na kichwa nikakiinua.

Mkwe alikuwa kaficha mikono ndani ya kanga. Nilidhani ni baridi. Tuliporudi nyumbani nikapita karibu na beseni ambamo mkewe alikuwa anamwosha, nikaona vidole. Kucha zilikuwa zimeng'oka, nyingine zinaning'inia.

"Nilijigonga kwenye mawe, mama," akasema haraka, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

Bwawani katikati kuna mawe gani? Binti akanifuata jikoni, akaurudisha mlango.

"Mama, kile chombo kikipinduka mtu anakigeuza, anapanda tena. Leo kilikataa. Kreti zilijaa maji zikaning'inia chini, kila akiinua zinamvuta. Akapiga mbizi kufungua fundo. Akatoka kupumua, akarudi tena chini. Fundo gumu kama mfupa."

"Na kisu?"

"Kilikuwa ndani ya kreti. Chini ya wavu ulioukaza wewe."

"Mbona hakuzifungua kabla ya kwenda?"

"Nilimwambia! Jioni ileile nikamwambia, toa kamba hizo, funga mipira yako, mama hatajua. Akasema, 'Nifungue fundo la mama? Nitamtazamaje?' Nikamwambia, kwani sasa hivi unamtazama?"

Maharage yaliungua mbele yangu siku ile. Watu husema hukujua, bibi, ungejuaje mambo ya majini. Lakini niliambiwa. Aliniambia uani, kwa sauti ndogo, nami nikamtaja mama yake. Nilimfundisha kuniogopa, akajifunza kuliko nilivyokusudia. Na neno la samahani, ninyi, si jepesi kwa mtu aliyezoea kuombwa. Nilimpikia uji, nikamchemshia maji ya kukanda vidole, nikampelekea kwa mkono wa mkewe. Neno lenyewe halikutoka.

Vidonda vya vidole vilipoanza kufunga, akaanza kutoka nje uani kuitazama kayaki yake. Kreti zilikuwa bado juu yake na kamba zangu zimekauka. Hakuna aliyezigusa. Alitaka kurudi majini, na baada ya yote yale bado alikuwa anangoja ruhusa yangu.

Nikaingia jikoni nikachukua kisu. Nikawaita wote uani, na safari hii sikumtuma mtu neno langu. Nikamwendea mwenyewe, nikamkabidhi kisu.

"Mwanangu, nitazame. Usoni. Nilikosa mimi, hukukosa wewe. Kata mafundo yote, nikiona. Na ninyi nyote mnaokula hapa: kuanzia leo nikikosea niambieni hapohapo, kwa sauti, mkwe akiwa wa kwanza."