Goti la Mwingereza

Nilitoka Kakamega Jumapili, nikafika Doha Alhamisi. Angani kwenyewe hatukukaa hata saa nane. Muda mwingine wote ulikuwa wa kungoja. Nairobi tulingoja siku mbili kwenye ofisi ya wakala, watu kumi na saba kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na bahasha ya kaki mapajani, akiifungua mara kwa mara kuhakikisha cheti cha hospitali hakijatoweka. Kwenye uwanja wa ndege wa Sharja tulikaa sakafuni tangu alfajiri hadi jioni kwa sababu karatasi zetu zilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyeijua sura yake. Nilikuwa nimepita thelathini. Nilishawahi kuuza viatu Eldoret, kubeba mizigo Mombasa na kuendesha lori la maji Juba, na kila nilipofika mahali nilianza kukumbuka nilikotoka kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo nilipokuwa huko. Mlango wa ndege ulipofunguliwa Doha, joto likanipiga usoni, na palepale nikaikumbuka mvua yetu ya saa tisa alasiri.

Miaka minne nilisimama kwenye lango la jengo moja la ofisi mtaa wa Al Sadd, nikiwafungulia watu mlango na kuwaandika kwenye kitabu cha wageni. Nilipopata leseni ya udereva, baada ya kuanguka mtihani mara tatu, mkubwa wetu alinipeleka kwenye klabu moja ya mpira iliyokuwa ikitafuta madereva wanaosema Kiingereza. Wenzangu chumbani walifurahi kuliko mimi.

"Buda, sasa utaketi na mastaa," mmoja aliniambia. "Ukitusahau tutakuombea pancha kila siku."

Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe nilikaribia kuwa mmoja wao. Nikiwa na miaka kumi na tisa, muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne, nilikuwa winga wa timu ya wilaya, na timu moja ya Nairobi ilikuwa imeniahidi nafasi. Wiki tatu kabla ya kwenda, goti langu la kulia liligeuka uwanjani. Nilikandwa kwa maji ya moto na chumvi. Mama aliyenikanda alisema nikae mpaka nisikie vizuri. Baada ya siku nane nilisikia vizuri, nikacheza, na tangu siku hiyo sijawahi kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Kijana wa Kiingereza aliletwa mwezi wa Agosti, joto likiwa kali kuliko wakati wowote. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, shingo imeiva kwa jua, na adabu nyingi kuliko nilivyotaka. Angekuwa na dharau ningepumzika. Wachezaji wengine waliketi nyuma na simu zao. Yeye aliketi mbele kando yangu, akaniita bosi. Mimi nami nilimwita bosi. Tuliitana hivyo kwenye foleni za magari kama wendawazimu wawili.

Humo garini ndimo nilimosikia maisha yake. Klabu kubwa ya kwao ilimchukua akiwa na miaka minane. Basi dogo lilimfuata shuleni kila jioni, akala chakula chake humo ndani akienda mazoezini. Akiwa na kumi na saba alipewa mkataba. Akiwa na kumi na tisa aliingizwa mechi moja ya kikosi cha kwanza, dakika za mwisho, akagusa mpira mara nne. Baada ya hapo aliazimwa kwa timu za miji midogo ya kaskazini, kila msimu mji wake, mpaka klabu ikamwachilia kwa barua. Wakala wake akamwambia aende Ghuba, huko watu watamwona.

"Sijaona mtu, bosi," aliniambia. "Waliokuja kututazama jana ningeweza kuwapigia simu mmoja mmoja kuwashukuru."

Nilicheka. Nilijua nilipaswa kumhurumia, lakini kichwani mwangu lilibaki lile basi. Mtoto wa miaka minane anafuatwa na basi lenye chakula! Mimi nilikwenda mazoezini mbio kilomita sita na kurudi, na nikichelewa kukama ng'ombe nilichapwa. Siku moja alisikia paja limemkaza kidogo. Watu watatu walimlaza kitandani, wakampiga picha ya mashine, wakamwambia hana kitu, kisha wakampumzisha siku tano. Nilikuwa nikimngoja kwenye maegesho. Nilipandisha suruali nikalitazama goti langu kwa muda mrefu, nikiwa na hasira na mtu ambaye hakunifanyia ubaya wowote.

Aliniuliza kwa nini nachechemea. Nilimweleza, na nikajigamba kidogo. Nilimwambia sisi pia tuna mpira wetu. Kila Ijumaa madereva na walinzi, Wakenya na Waganda, tulicheza kwenye uwanja wa vumbi Al Thumama, ndege zikipita juu ya vichwa. Mimi nilicheza golikipa, kwa kuwa golikipa hakimbii. Na aliyeumia alipelekwa Umm Salal, kwa mpishi wa shamba moja, mtu wa Lamu aliyejua kukanda. Mpishi huyo alisema Kiarabu kama mwenyeji na Kiswahili cha kwao, lakini Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji.

Mwezi wa Februari, mkataba wa yule kijana ulikuwa umebakiza wiki chache. Klabu moja ya daraja la pili kwao Uingereza ilisema itamtuma mtu aje amtazame. Mechi moja tu, siku ya Jumatano. Ikimpenda, atarudi nyumbani kucheza. Isipompenda, aliniambia, babake ana duka la vigae na kuna nafasi ya kubeba.

Alhamisi kabla ya hiyo mechi aliingia garini akafunga mlango taratibu mno.

"Goti limegeuka mazoezini," alisema. "Sijamwambia mtu. Daktari akijua, sichezi Jumatano. Yule mtu wako wa Ijumaa, unaweza kunipeleka?"

Tulikubaliana kwamba mtu akiuliza, tulikwenda kuangalia ngamia.

Tulifika shambani baada ya swala ya Ijumaa. Mpishi alikuwa kibarazani akichambua mchele kwenye sinia kubwa. Alimtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele.

"Ewe wa bara," aliniambia, "nilikwambia uniletee wagonjwa, si mabwana harusi. Mguu mweupe hivi naukandaje? Utabaki na alama za vidole mpaka Idi."

"Anauliza nini?" kijana akasema.

"Anakusifu miguu."

Mpishi alinawa, akapaka mafuta ya nazi, akalaza kiganja juu ya goti. Mzaha ulimtoka palepale. Alilikunja, akalinyoosha, akauvuta mguu wa chini kwake kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika paja. Kijana akauma shati lake. Mpishi akaurudisha mguu chini polepole.

"Hili silikandi," alisema. "Ndani kuna kitu kimelegea. Hii si kazi ya mikono, hii ni ya hospitali. Mwambie akapigwe picha kesho, na mpira asiuguse mwezi mzima. Akiugusa, hicho kitu kitakatika kabisa. Mwambie kama nilivyosema."

Kijana alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na maneno.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Ningependa kusema kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba nilimhurumia nikaogopa kumvunja moyo. Lakini niliyajua magoti kuliko kijana alivyoyajua. Nilimwona amepanda ndege Alhamisi ijayo na begi lake zuri, anarudi kwao mchezaji, na mimi nimebaki kwenye maegesho. Sikutaka avunjike. Nilitaka asiende.

"Anasema upumzike," nilimwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka usikie vizuri."

"Na Jumatano?"

"Ukisikia vizuri."

Aliachia pumzi, akamshika mpishi mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru. Mpishi alimpigapiga begani. Alidhani anashukuriwa kwa ule mwezi mzima. Njiani kijana aliimba pamoja na redio wimbo wa Kiarabu asioujua neno hata moja, na mimi niliendesha kwa uangalifu mkubwa, nikipunguza mwendo kwenye kila tuta ili goti lisitikisike.

Siku nne zilikuwapo za kumwambia ukweli. Nilimchukua asubuhi, nikamrudisha jioni. Jumatatu aliniambia anasikia vizuri.

Jumatano jioni niliketi na madereva wenzangu karibu na mlango wa wachezaji. Yule mtu wa Uingereza alikuwa juu jukwaani, kofia kichwani, karatasi mkononi. Nusu saa ya kwanza kijana alicheza mpira ambao sikuwahi kumwona akiucheza. Aliwapita watu wawili pembeni kwa mguso mmoja, akatoa pasi ambayo hata mimi niliyekaa nikiiona nafasi ile dakika nzima nisingethubutu kuitoa. Dereva aliyekaa kando yangu alinipiga kiwiko.

"Si ni mtu wako huyo? Mbona hupigi makofi?"

Nilipiga. Nililihesabu goti lake kuwa limepona, na nikaona uonevu mtupu, kwamba hata uongo wangu umemletea heri.

Kisha aligeuka peke yake katikati ya uwanja. Hakuna aliyemgusa. Alikaa chini kama mtu aliyesahau kitu, akalishika goti, akapunga mkono kuomba atolewe. Mtu wa kofia alikunja karatasi zake kabla ya mapumziko.

Kesho yake meneja alituuliza mimi na kijana, kila mmoja peke yake, Ijumaa gari tulilipeleka wapi. Nilisema ngamia. Baadaye nilijua kwamba kijana naye, mguu umefungwa mpaka pajani, alisema ngamia, tena akaongeza kuwa mmoja alitaka kula kofia yake. Alikuwa akiilinda kazi yangu. Klabu ililipia upasuaji, ikavunja mkataba, ikamkatia tiketi. Mimi ndiye niliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mahali pa kuaga kwenye uwanja wa ndege.

"Mshukuru yule mpishi," aliniambia. "Alifanya alichoweza."

Hata pale, naandika hili kwa aibu, nilikiona kiti kilichomngoja ndani ya ndege, cha kulala, na daktari atakayempokea, nikamwonea wivu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Umm Salal. Mtoto wa mwenye shamba alikuwa ametazama mechi kwenye televisheni, kwa hiyo mpishi alijua yote.

"Ulimwambia mwezi?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Nilimwambia apumzike."

"Nakuuliza, ulimwambia mwezi?"

Nilitazama kisu chake. Aliendelea kukata vitunguu.

"Mimi nilidhani yule Mzungu ni mkaidi," alisema. "Siku zote hizi namlaumu mwana wa watu. Haya, nenda zako. Na hilo goti lako ulitafutie mikono kwengine."

Nilibaki Doha msimu mwingine mmoja. Al Thumama niliacha kwenda, nikasema nimechoka. Kwenye klabu aliletwa mchezaji mwingine, wa miaka ishirini, naye nikamwendesha, lakini huyu aliketi nyuma na sikumuuliza habari za kwao. Kisha siku moja ukaja ujumbe kutoka Uingereza. Kijana aliandika kwamba anatembea, anakimbia kidogo, huenda msimu ujao atapata timu ndogo karibu na kwao. Daktari wake mpya alikuwa amemuuliza kama kuna mtu aliyelishika goti kabla ya ile mechi. "Yule mpishi alisema nini hasa?" aliuliza. "Nataka kujua tu, bosi."

Nilianza kuandika jibu mara nyingi. Mara moja niliandika kwamba mpishi hakuwa na hakika, nikafuta, kwa sababu nilimwona na kisu chake na vitunguu. Kila asubuhi niliwasha gari ule ujumbe ukiwa bado haujajibiwa, na kile kiti cha mbele kilicho kitupu kilinishinda kukizoea. Mwisho wa msimu nilikwenda kwa mkubwa wetu, mudir kama tulivyomwita kwa Kiarabu, kuomba ruhusa ya kutoka nchini, bila kurudi.

"Umepata kazi nzuri kutuzidi?" aliuliza.

"Hapana, mudir."

"Basi nini?"

"Nimechoka tu."

Alinitazama kama mtu aliyesikia uongo huo mara nyingi, akatia sahihi.

Siku ya kuondoka niliagana na wenzangu chumbani, nikawaachia jiko la umeme na pazia. Kwenye uwanja wa ndege nilikaa mbali na Wakenya wengine. Nikatoa simu, nikaandika bila kusimama, nikiogopa kwamba nikisimama nitapamba. Niliandika kwamba mpishi alisema picha ya hospitali na mwezi mzima bila mpira, na kwamba alisema ukiugusa, kilicholegea ndani ya goti kitakatika. Niliandika kwamba hakukosea hata neno, aliyeyaacha maneno ni mimi.

Huko kwao ilikuwa asubuhi. Jibu lilikuja kabla hawajatuita.

"Ulijua?"

Abiria walikuwa wameanza kusimama na mifuko yao.

"Nilijua," niliandika.

Alama ya kuonyesha kwamba amesoma ikatokea. Nilisimama kwenye foleni na wengine, simu ikiwa mkononi, nikingoja atukane au aandike chochote, mpaka binti wa mlangoni aliponiomba pasi yangu kwa mara ya pili.