Siku Niliyomfasiria Bi Zuena Maneno ya Surabaya

Mimi si mtu wa kutahayari ovyo, na wanaonijua kwetu Ibra, Omani, watakwambia kwamba tangu nirudi na diploma yangu ya uendeshaji wa hoteli (niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, si kwa fedha ya baba wala ya ami) natembea kifua mbele, lakini ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo najifunika mto usoni, na mke wangu Asma akiniona na mto usoni hucheka peke yake, maana anajua hasa nakumbuka nini.

Mambo yenyewe yalianzia mbali. Surabaya ni mji mkubwa wa Indonesia, joto lake kama la Maskati ila lile limeloweshwa maji. Nilikwenda kusoma, nikamaliza, wenzangu wakarudi kutafuta kazi za serikali, mimi nikabaki nikafungua macho. Nikaona mtaa mmoja nyuma ya soko, vichochoro vyembamba, nyumba zimeegemeana, wanafunzi hawaishi kutafuta vyumba vya kupanga, nikajiambia hapa pana riziki. Mgeni kule hauziwi ardhi, lakini anaweza kuikodi nyumba nzima kwa mkataba mrefu, basi nikakodi moja ya ghorofa, nikaipaka rangi kwa mkono wangu, vyumba vya juu nikawapangisha wanafunzi, na baraza ya mbele nikampa mama mmoja anaitwa Bu Sri (Bu kwao ni kama Bi kwetu) auze chakula chake jioni na anisimamie nyumba nikiwa sipo. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya si kwa kujisifu, ingawa ukitaka kunisifu sikukatazi.

Nikarudi Ibra nikamwoa Asma, na nia yangu ilikuwa nirudi naye Surabaya, tukae mtaa ule ule tuikuze biashara. Asma mwenyewe alikuwa radhi. Lakini Asma kalelewa na bibi yake, Bi Zuena, mzaliwa wa Unguja, na bila ya ruhusa ya Bi Zuena Asma hafiki hata Mudhaibi hapo jirani, sembuse Surabaya.

Basi Ijumaa moja baada ya alasiri Bi Zuena akatuita kwake. Kahawa ipo, halua ipo, na Ami Seif, ami yake Asma, mtu ambaye mzaha haumwishi mdomoni, naye kaja kusikiliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nambie. Huko unakompeleka Asma kukoje?"

Nikasema, na nilisema vizuri (uendeshaji wa hoteli una somo zima la kumpokea mgeni kwa maneno). Nikasema nyumba imetulia, chumba chake kipana na kikavu, majirani wastaarabu, mimi pale nina heshima yangu, na Asma atakaa kama malkia, hatashika hata kijiko. Bi Zuena akawa anatikisa kichwa polepole, na lau ningelinyamaza hapo ningelikuwa mtu wa heshima mpaka leo.

Ami Seif akasema, "Maneno matamu, Bwana Diploma. Picha je?"

Picha ninazo! Nzuri kweli, nilizipiga siku ile rangi haijakauka. Lakini sifa zimeshanipanda, nikaona picha ni kitu kidogo kwa mtu kama mimi, nikamwambia, "Picha za nini, Ami? Tutapaona papo hapo," nikaiunganisha simu na ile televisheni kubwa ya Bi Zuena, iliyojaa ukuta mzima, nikampigia Bu Sri. Nilichosahau (mimi, niliyekaa kule!) ni kwamba ikiwa Ibra ni alasiri, Surabaya giza limeshaingia na baraza yangu imejaa walaji.

Ukutani pakatokea karai. Karai kubwa, mafuta yanachemka, na ndani yake kambare na vichwa vyao na masharubu yao, nyuma ya moshi wanaume wamekaa kwenye vigoda vya plastiki wanakula kwa mikono, na mapikipiki yamejipanga mpaka mlangoni.

"Hao nani?" akauliza Bi Zuena.

"Majirani, Bibi. Wamefanya karamu. Wamesikia Asma anakuja."

Huo ulikuwa uongo mmoja tu, mdogo. Bu Sri akatokea anajifuta uso kwa kitambaa, akaniona, akaanza kunimiminia Kiindonesia bila ya kupumua: mvua imenyesha, maji yameingia tena kile chumba cha chini nilichompakia rangi mke wangu, godoro limelowa, amelitoa nje.

"Anasemaje?" Ami Seif akauliza.

"Anasema, anasema chumba cha Asma kimeoshwa."

"Mashaallah," akasema Bi Zuena, akaweka kikombe chini.

Nikataka kukata simu, lakini mara mtu akamnyang'anya Bu Sri simu, na nani kama si Pak Slamet (Pak kwao ni Bwana), mkubwa wa mtaa, ambaye hata ukikohoa bila ya kumwarifu anajua. Akaniambia, uso wake umejaa ukuta mzima wa Bi Zuena, kwamba mtaro ulioziba ni wa mbele ya nyumba yangu, kwamba wenzangu kila wakitoka kusafisha mtaa kwa pamoja mimi sionekani wala situmi mtu, na kwamba pikipiki za wapangaji wangu zimeziba njia hata jeneza haliwezi kupita.

"Huyu ni sheha wa mtaa," nikasema, na jasho linanitoka mpaka ndani ya kofia. "Anakusalimuni nyote. Anasema mtaa mzima umenikumbuka, hawawezi kufanya jambo bila ya mimi."

"Mbona kakunja uso?" akauliza Ami Seif.

"Huzuni, Ami."

Nyuma ya Pak Slamet akapita mpangaji wangu mmoja, taulo kiunoni, ndoo mkononi, akasimama kabisa mbele ya simu akitupungia mkono. Asma akageuza uso upande wa pili. Nikasema, "Fundi wa mabomba." Sijui kwa nini fundi wa mabomba avae taulo, na wala hakuna aliyeniuliza, na kule kutoulizwa ndiko kulikonitia hofu. Kisha Bu Sri akairudisha simu kwake, akacheka, akaniuliza swali moja refu, na mimi nikalifupisha, nikasema, "Anamwombea Asma safari njema."

Bi Zuena akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Bibi, hawa hawajui Kiswahili. Kiarabu pia hawajui, isipokuwa cha kusalia."

"Nimesema lete."

Akaipokea, akaweka mtandio wake sawa, akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akasema, "Apa kabar, Bu Sri?" na kutoka hapo Kiindonesia kikamtoka kama maji ya mfereji wa falaji baada ya mvua, anauliza, anajibiwa, anacheka, anamwita na Pak Slamet arudi, anamwuliza juu ya mtaro, mpaka walaji kule wakaacha kambare wao wakaja kuinamia simu kumwangalia bibi wa Kiarabu anayesema kama mtu wa kwao.

Yati! Nilimsahau Yati. Kila mtu katika ukoo huu anamjua Yati, mtumishi kutoka Java, kisiwa hicho hicho cha Surabaya, aliyekaa na Bi Zuena miaka na miaka, wamelea watoto pamoja, wamepika pamoja, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alikuwa akisema Kiswahili kama aliyezaliwa Unguja. Mimi na diploma yangu sikuwahi kujiuliza kwamba wanawake wawili wakikaa jiko moja miaka yote ile, huenda na yule mwengine naye kajifunza kitu.

Bi Zuena akaaga, akaikata simu, akamgeukia Ami Seif. "Haya, sikiliza tafsiri. Chumba hakikuoshwa, kimeingia maji. Sheha hana huzuni, ana hasira, mtaro umeziba na huyu bwana hajawahi kushika jembe na wenzake. Yule wa taulo ni mpangaji, bomba la juu halitoi maji, anateka chini kwa ndoo."

"Njia ya mwongo fupi," akasema Ami Seif, "lakini hii haikutoka hata mlangoni."

"Na Bu Sri," akaendelea Bi Zuena, "hakuombea safari. Kauliza Asma anakuja lini, maana mumewe kaahidi kwamba mkewe atawapikia wapangaji wote wali wa Kiomani, kuanzia alfajiri."

Asma alikuwa anamimina kahawa. Akasita, dele hewani.

"Harith. Mimi niliambiwa hata kijiko sitashika."

"Kijiko hushiki," akasema Ami Seif. "Utashika mwiko."

Ami Seif akacheka mpaka akakohoa, lakini Asma hakucheka, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli, maana niliona naweza kurudi Surabaya peke yangu, na sababu si Surabaya.

Bi Zuena akasema, hakunipandishia hata sauti, "Maji hayanitishi, wala kambare. Mie nilipotoka Unguja nilifikia hapa nyumba haina hata taa, nikakaa, nikazoea. Lakini mtu anayekugeuzia maneno mbele ya uso wako, huyo utamzoea vipi?" Kisha akamwuliza Asma, si mimi, "Weye unataka kwenda?"

Asma akaliweka dele chini. "Nataka, Bibi. Lakini si kwa hadithi zake. Aende kwanza, auzibue huo mtaro kwa mikono yake, nami nione. Na kupika, nikipika napika biashara yangu mimi na Bu Sri. Yeye atanunua kama watu."

Nikaenda. Jumapili asubuhi mtaa mzima umetoka na majembe, nami nimo mtaroni, matope magotini, Bu Sri kanishikia simu juu ya kichwa, na Ibra, mara tu baada ya sala ya alfajiri, Bi Zuena kakaa na kahawa yake ananitazama ukutani kwake. Kila nikisimama kunyoosha mgongo sauti yake inatoka kwenye simu, kwa Kiindonesia ili wote wasikie, kwamba kona ile ya kushoto bado, na watoto wa kichochoroni wanairudia wakishangilia, na Pak Slamet anasema bibi huyu angemfaa kwenye kamati ya mtaa. Maji yalipoanza kutembea watu wakapiga makofi, na hapo ndipo nikaisikia sauti ya Asma, "Harith, tikiti nikate ya lini?"

Nikajibu kwa Kiswahili, kwa neno moja, na wala sikulipamba: "Kesho."

Asma yuko hapa Surabaya sasa, wali wake unakwisha kabla ya kambare wa Bu Sri, na mimi nanunua kama watu. Diploma nimeitundika ukutani, mgeni akija namwonyesha, sijabadilika kiasi hicho. Lakini kufasiri nimeapa basi: simfasirii mtu mzima lugha yoyote ya dunia hii mpaka kwanza niulize jikoni kwake alipita nani.