Taa za Mkaguzi

Mkaguzi alipostaafu kazi ya kukagua mizani ya maduka, alikosa watu wa kuwasumbua, akageukia nyumba yake. Alianza na bomba la jikoni, ambalo halikuwa na ubovu wowote mpaka alipolitengeneza. Kisha akaona kwenye simu mtu akiunda taa za sola za kupambia ua kwa chupa za jemu. "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii," akasema.

Mkewe, fundi cherehani, akaanza kupoteza vitu. Chupa zake za viungo zilimwagwa zote kwenye bakuli moja, iliki kwa pilipili. Siku nyingine akakuta shanga za gauni la mteja zimegandishwa kwenye chupa kwa gundi.

"Baba watoto, hizo shanga zina mwenyewe."

"Sanaa inataka mtu ajitoe."

"Basi jitoe wewe. Za watu ziache."

Kila jioni alichutama uani, taulo kiunoni, akizinong'oneza nyaya. Majirani wakambandika jina: Mwanga. Alifurahi hasa. "Umeona? Watu wameanza kutambua kipaji." Mkewe alijua fika mwanga wanayemsema ni yule anayeroga watu usiku, lakini alimwacha. Furaha za mstaafu ni chache.

Taa zilipokamilika, Mkaguzi akamwalika mama mkwe. Jua lilipozama akamkalisha uani, akawasha balbu kubwa ya ukutani ili kila kitu kionekane, akasimama kuhutubia.

"Mama, hizi zinakunywa jua mchana. Giza likiingia zinajiwasha zenyewe."

Wakangoja. Chai ikapoa. Chupa zikawatumbulia macho tu.

"Labda hazikushiba," mama mkwe akasema.

Mkaguzi akalaumu mawingu. Akalaumu ukuta wa jirani, akalaumu betri, na alipoishiwa akamlaumu mkewe kwa kufagia na kuvitia vumbi vipaneli vya sola.

"Mkwe wangu," mama akamkata, "hiyo balbu inanichoma macho. Izime, tutakusikia hata gizani."

Akaizima kwa kinyongo. Hazikupita dakika mbili, taa zikawaka, moja huku, nyingine kule. Shanga zikamwaga madoa mekundu na ya kijani ukutani na kwenye mapaja ya bibi kizee. Mkewe akasahau viungo vyake. Palikuwa pazuri kweli.

"Sasa niwaeleze zinavyofanya kazi," Mkaguzi akasema, akawasha balbu ili wamwone vizuri.

Taa zote zikazimika.

Alieleza kwa kirefu. Alipogeuka, viti vilikuwa vitupu. Mama mkwe alikuwa mlangoni na chupa mbili kwapani.

"Nachukua hizi, mwanangu," alimwambia bintiye. "Kwangu zitawaka. Hakuna wa kuzieleza."

Mkaguzi mpaka leo husimulia kwa kinyozi jinsi mkwewe alivyovutiwa na hotuba.