Taya la Mama Mdogo

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, tukiishi mtaa wa Baba Dogo, mwaka ambao taya la Mama Mdogo Mueni lilivimba. Alikuwa mdogo wake mama, wa miaka ishirini na kitu, akiishi kwetu na kushona mashati kiwandani.

"Hiyo ni matubwitubwi," jirani yetu Mama Wambui alisema. "Abebe ukuni, auweke chini ya mti, aseme, 'Mti, nakuachia matubwitubwi.' Halafu arudi bila kugeuka. Akigeuka yeye, ama anayemsindikiza, ugonjwa unamfuata nyumbani."

Wa kumsindikiza nikawa mimi. Tulikwenda mchana mpaka kwenye mgunga mmoja karibu na mto. Mama Mdogo aliona aibu, mtu mzima na ukuni kichwani, lakini maneno aliyasema. Tukarudi kimya kimya. Kabla hatujafika barabarani, nikageuka. Nilitaka tu kuuona huo ugonjwa unafananaje. Niliona mti na ukuni, basi.

Uvimbe haukushuka. Meno mawili yakaanza kucheza. Kisha mdomo wa chini ukafa ganzi. Chai ilimchuruzika kidevuni bila yeye kujua, mpaka mama amfute. Majirani wakaacha kuingia kwetu, wakiogopa kuambukizwa. Akaanza kula peke yake, ameelekea ukuta, nami nikawa nabeba sahani yangu nikale nje.

Hospitalini walimpiga eksirei. Aliporudi, aliitoa picha kwenye bahasha ya kaki, akaiinua dirishani na kuniita. Upande mmoja mfupa ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa umetoa miiba myembamba iliyotawanyika, kama miale ya jua lililochorwa na mtoto.

"Ni saratani ya mfupa," alisema. "Daktari anasema huenda ilianza hata kabla sijaona uvimbe."

Nikaangua kilio. "Niligeuka, Mama Mdogo. Siku ile ya mti. Ni mimi."

Aliishusha picha. Mdomo haukumtii vizuri, lakini nilijua anacheka.

"Hata mimi niligeuka, Ndinda. Mara mbili."

Walimkata nusu ya taya, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Alifia Machakos, kwa nyanya yangu, kabla mwaka haujaisha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile ya picha alinitua mzigo wote. Sasa nimeupita umri wake, na si mti ninaoufikiria. Daktari alisema ugonjwa ule hauambukizi, na mama alitukumbusha hilo kila mara. Nilijua pia kwamba si mimi niliyemletea. Hata hivyo niliendelea kula nje, miezi yote aliyobaki kwetu, nikimsikia ndani akigonga kijiko kwenye bakuli taratibu.

Hakuniita hata mara moja. Nadhani alijua kwamba akiniita nitakwenda, na nitakaa pale nikiogopa, na hilo hakutaka kuliona.