Povu la Chausiku

Chausiku alikuwa na kitu kimoja ambacho sie wa bondeni Mbagala hatukuwa nacho: uwanja mkavu, pale juu mwinukoni. Mvua za El Nino zilipotufurusha, vyoo vikafurika vikaingia visimani, tukakimbilia kwake na magodoro kichwani. Mahali pa kutuweka alikuwa napo. Maji ya kutunywesha hakuwa nayo, na hilo lilimkaa rohoni.

Kwa hiyo serikali ilipoleta mtambo wa kuchimba kisima kirefu, chenye pampu juu ya jukwaa la zege ili mafuriko yasiifikie, alikuwa wa kwanza kusema, "Chimbeni kwangu."

Fundi mkuu, Ansbert, alizunguka uwanja, akaishia penye banda la vitumbua la Chausiku. "Hapa. Ila mama, nikikuta maji ya chumvi nafukia, nahamia mtaa mwingine."

Mbwana, kaka yake Chausiku, akadakia. "We Chausiku, banda utakosa na maji utakosa. Utapikia wapi, kichwani?"

"Kwenye upara wako. Ukikaa juani unakaanga vizuri tu."

Akang'oa makuti ya banda kwa mikono yake mwenyewe. Sie wenye midomo ya kunyweshwa tukasaidia kung'oa nguzo.

Siku ya maji hakuna aliyekwenda sokoni. Mtambo ulinguruma, ukatema tope jekundu, ukatema jeupe, kisha maji yakaruka yakapiga bati la Zuena jirani. Watoto wakayakimbilia na nguo zao mwilini. Ansbert akakinga kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Baba, sema basi," Chausiku akamwambia.

"Subiri yatulie."

Asubiri nani? Chausiku akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni ya mche, akakinga ndoo, akaanza kusugua mikono. Mwanamke gani wa huku asiyejua kwamba maji ya chumvi hayatoi povu? Tukamzunguka. Kwanza hola. Akasugua. Povu likachungulia vidoleni, likajaa viganjani, likapanda mpaka viwikoni kama glavu za bibi harusi. Mie nilipiga kigelegele koo likauma kutwa.

Ansbert akacheka. "Matamu. Ila kunywa, msubiri watu wa afya wayapime. Kufua, fueni."

Tulikuwa tumeshaondoka kufuata nguo. Chausiku akasimama penye maji, anakata sabuni na kugawa. "Vua na hilo shati, kaka. Linanuka mafuriko."

Mbwana akavua. Jioni ile kila uzio pale juu ulikuwa umevaa kanga na shuka zetu.